Jaji Leonard Sand: Wakili wa Serikali Aliyeweza Kuiambia Serikali Hapana

Hotuba kwa mawakili wa serikali wanaoanza kazi, Dar es Salaam

Waheshimiwa majaji mliotuheshimu kwa kufika, viongozi wa ofisi, mawakili wenzangu wa siku nyingi, shikamooni. Na ninyi vijana mnaoingia kazini, karibuni sana.

Niliombwa nizungumzie maadili ya kazi yetu. Kanuni za maadili mnazo, mmezisoma na mmezifanyia mtihani, kwa hiyo sitawasomea tena. Nitawasimulia maisha ya mtu mmoja, Leonard Burke Sand, aliyeanza kama wakili wa serikali mjini New York akiwa na umri kama wenu, akaja kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho ya Marekani. Pengine jina hilo ni geni kwenu. Lakini ndiye aliyesikiliza kesi ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam. Watu walioshtakiwa kwa damu ya ndugu zetu walisimama mbele yake, na mmoja wao alikuwa kijana wa Zanzibar. Kwa hiyo mtu huyu anatuhusu.

Nina sababu nyingine ya kumchagua. Katika nchi zetu kuna lalamiko la siku nyingi kutoka kwa mawakili wa utetezi, kwamba majaji waliotoka ofisi ya Mwanasheria Mkuu au ofisi ya mashtaka hubaki mawakili wa serikali hata wakiwa wamevaa joho jekundu. Lalamiko hilo nalichukua kwa uzito wote. Mtu aliyekaa miaka kumi akisimama upande mmoja wa ukumbi hawezi kudai kwamba miaka ile haikumwachia kitu. Swali langu leo ni kile kitu kilichobaki kwake ni kipi.

Sand alizaliwa Bronx mwaka 1928, akasoma chuo kikuu New York na sheria Harvard, akahitimu mwaka 1951. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa msaidizi wa Jaji Irving Kaufman. Wale mnaopenda historia ya sheria mtalikumbuka jina hilo. Kaufman ndiye aliyewahukumu kifo Julius na Ethel Rosenberg mwaka 1951, mume na mke waliopatikana na hatia ya kula njama ya kuwapelekea Wasovieti siri za kijeshi. Waliuawa kwa kiti cha umeme Juni 1953. Kwa hiyo huyu kijana wa miaka 24 alifanya kazi katika ofisi ya jaji yule mwaka ule hasa ambao rufaa zilikuwa zikipanda na kushuka na dunia nzima ikipiga kelele. Tutairudia hukumu ya kifo baadaye, kwa sababu nayo ilimrudia.

Mwaka 1953 alihama upande, akawa mwendesha mashtaka msaidizi wa serikali katika Wilaya ya Kusini ya New York. Hakukaa sana. Mwaka 1956 akaenda Washington kujiunga na ofisi inayoisemea serikali mbele ya Mahakama ya Juu, ofisi ambayo sisi hapa tunaiita ya Wakili Mkuu wa Serikali, na ambayo kwetu ilianzishwa mwaka 2018 tu. Alikaa hapo hadi 1959. Naomba nitulie hapa kidogo, kwa sababu naamini hapa ndipo jaji alipotengenezwa.

Serikali ya Marekani inaposhindwa katika mahakama za chini, wizara au idara haiwezi kukimbilia Mahakama ya Juu kwa hasira zake. Lazima wakili mkuu aridhie. Sehemu kubwa ya kazi ya vijana wa ofisi ile ni kusoma majalada ya kesi ambazo serikali imeshindwa, kisha kuandika dokezo la ndani: tuendelee, au tukubali yaishe? Mara nyingi jibu ni tukubali yaishe. Hebu lifikirieni jambo hilo. Kijana analipwa mshahara na serikali, na kazi anayolipwa kuifanya ni kuiambia serikali kwamba umeshindwa kihalali.

Ipo desturi nyingine, ngumu zaidi. Serikali imeshinda huko chini, mtu amefungwa, naye anakata rufaa. Wakili mkuu analipitia jalada na kuona kwamba ushindi ule ulipatikana kwa kosa la kisheria. Basi anaiandikia Mahakama ya Juu kwamba serikali inakiri kosa, na ushindi aliokuwa nao mkononi anaurudisha mwenyewe. Desturi hiyo ina zaidi ya miaka mia moja. Katika jengo la Wizara ya Sheria mjini Washington, nje ya ofisi ya mwanasheria mkuu, yamechongwa maneno ukutani kwamba Marekani hushinda hoja yake kila mara haki inapotendeka kwa raia wake mahakamani. Natamani nione maneno ya namna hiyo kwenye korido zetu pia.

Na sisi tunayo mila hiyo, msidhani ni ya Wamarekani peke yao. Nendeni Mahakama ya Rufani siku ya rufaa za jinai mkamsikilize wakili mwandamizi akisimama na kusema, "Waheshimiwa majaji, Jamhuri inaunga mkono rufaa." Maneno machache, na mtu aliyekuwa anatumikia miaka thelathini anaondoka huru, kwa sababu wakili wa upande wa pili amelisoma jalada kwa uaminifu. Najua vijana wengi wanaogopa kusema hivyo. Wanahofu wataonekana dhaifu, au wataulizwa ofisini wamepewa nini. Kwa maoni yangu ndiyo kazi ya heshima kuliko zote tunazofanya.

Baada ya 1959 Sand aliingia kwenye kampuni binafsi ya uwakili, akakaa humo karibu miaka ishirini. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter akamteua kuwa jaji wa Wilaya ya Kusini ya New York, akarudi kwenye mahakama ileile alikoanzia. Jaji wa shirikisho kule huteuliwa na rais, huthibitishwa na Seneti, na hukaa maisha yake yote kama mwenendo wake ni mwema. Hakuna kustaafu kwa lazima kwa miaka 60 kama jaji wa Mahakama Kuu yetu, au 65 kama wa Rufani. Ndiyo maana kesi kubwa kuliko zote za maisha yake ilimkuta ana miaka 72.

Kabla ya hiyo ilikuwepo kesi ya Yonkers, ambayo kwa Wamarekani wengi ndiyo iliyolibeba jina lake. Yonkers ni jiji linalopakana na Bronx upande wa kaskazini. Mwaka 1980 Wizara ya Sheria ililishtaki jiji hilo, na chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kikaungana nayo. Madai yalikuwa kwamba kwa miaka arobaini hivi jiji lilizijenga nyumba za umma za watu wa kipato cha chini karibu zote katika eneo moja la kusini magharibi, waliko Weusi na Walatino, ili mitaa ya mashariki ibaki ya Wazungu. Na shule nazo zikafuata mpaka huohuo. Novemba 1985 Sand alitoa hukumu yenye kurasa zaidi ya 600. Alipitia kiwanja kimoja baada ya kingine, kikao kimoja cha baraza baada ya kingine, akaonyesha kwamba mpangilio ule haukuja kwa bahati. Ulikuwa wa makusudi.

Akaamuru nyumba 200 za umma zijengwe katika mitaa ile mingine. Nyumba mia mbili tu, kwa jiji zima! Jiji likakata rufaa, likashindwa, likatia saini makubaliano ya kutekeleza, kisha madiwani wakapiga kura kuyakataa. Ukumbi wa jiji ulikuwa ukifurika watu waliokuja kuwazomea wote waliotaka amri itekelezwe. Agosti 1988 Sand akalitia jiji hatiani kwa kudharau mahakama. Faini ya siku ya kwanza dola 100, ya pili 200, ya tatu 400, kila siku mara mbili ya jana yake. Pigeni hesabu wenyewe: siku ya kumi na tano peke yake ni zaidi ya dola milioni moja na nusu. Na kila diwani aliyepiga kura ya kukataa alitozwa dola 500 kwa siku kutoka mfukoni mwake, huku akikabiliwa na kifungo. Mahakama ya rufaa ikaweka ukomo wa dola milioni moja kwa siku kwa jiji. Ajira za mamia ya watumishi zikawa hatarini, na Septemba madiwani wakasalimu amri.

Hadithi haikuishia kwa ushindi wake, na hapa ndipo napompenda zaidi. Januari 1990 Mahakama ya Juu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilisema kwamba kuwatoza madiwani binafsi kulivuka mipaka. Ilimpasa aanze na jiji peke yake na kuona kama faini hiyo ingetosha. Mimi nakubaliana na wale watano. Diwani anapaswa kupiga kura kwa niaba ya waliomchagua, na si vyema kura yake itokane na hofu ya kufilisika yeye na watoto wake. Mwezi huohuo Sand aliamua kwamba kuombaomba kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi vya New York kunalindwa na uhuru wa kusema. Uamuzi huo nao ulitenguliwa kwenye rufaa mwaka uleule. Sand alipokea hayo yote na kuendelea na jalada la Yonkers. Alilisimamia hadi pande zote zilipomaliza shauri kwa makubaliano mwaka 2007, miaka 27 tangu lilipofunguliwa. Jalada moja, jaji mmoja, miaka 27.

Sasa tuje nyumbani.

Ijumaa ya Agosti 7, 1998, asubuhi, lori lililosheheni mabomu lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani katikati ya Nairobi, na dakika chache tu kabla au baada yake lingine likalipuka kwenye ubalozi hapa Oysterbay. Nairobi walikufa watu 213, na kati yao Wamarekani walikuwa 12 tu. Jengo la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka na watu wakiwa ndani. Hapa Dar es Salaam walikufa 11, wote Waafrika. Waliojeruhiwa walikuwa maelfu, na wengi Nairobi walipoteza macho, kwa kuwa walikuwa wamekimbilia madirishani waliposikia mlipuko mdogo wa kwanza. Wengine wenu hapa mlikuwa hamjazaliwa. Sisi tuliokuwepo hatujasahau.

Kesi ilianza New York mwanzoni mwa 2001, katika jengo lilelile la Foley Square ambako Sand aliwahi kuwa msaidizi wa Kaufman. Washtakiwa walikuwa wanne: Wadih el-Hage, raia wa Marekani mwenye asili ya Lebanon aliyewahi kuishi Nairobi, Mohamed Odeh, Mohamed al-'Owhali, Msaudi aliyekuwemo ndani ya lori la Nairobi na akakimbia, na Khalfan Khamis Mohamed wa Zanzibar, aliyepanga nyumba ya Ilala ambamo bomu la Dar es Salaam lilitayarishwa.

Nataka muione karatasi moja tu katika kesi ile. Baada ya mlipuko, makachero wa FBI walifika Nairobi, na al-'Owhali alikamatwa Eastleigh siku chache baadaye. Kabla ya kumhoji walimpa karatasi ya haki aisaini. Ilimweleza kwamba ana haki ya kunyamaza. Kisha ikasema kwamba kama wangekuwa Marekani angekuwa na haki ya kuwa na wakili, lakini kwa kuwa hawako Marekani, hawawezi kumhakikishia kwamba atapata wakili kabla ya kuhojiwa. Bila shaka waliona wanasema ukweli mtupu.

Sand aliisoma karatasi hiyo kwa macho ya mtu aliyewahi kuziandaa karatasi za serikali. Kwanza aliamua jambo ambalo serikali ilikuwa imelipinga: kwamba hata mgeni asiye raia, akihojiwa na maofisa wa Marekani nje ya Marekani, kisha maelezo yake yakatumika katika mahakama ya Marekani, analindwa na haki ya kutojitia hatiani. Pili akasema karatasi ile ilimfungia mtu mlango bila kujaribu kitasa. Hakuna ofisa aliyewauliza Wakenya kama wakili anaweza kupatikana. Walidhani tu kwamba hawezi. Yalikuwa maelezo ya mtu anayekiri kushiriki katika mauaji ya zaidi ya watu mia mbili, na jaji akaanza kwa kuyakataa.

Serikali ikaomba afikirie upya na ikaleta ushahidi zaidi. Sand akausikiliza, akagundua kwamba katika mahojiano ya siku za mwisho mwendesha mashtaka alimweleza al-'Owhali haki zake kwa mdomo, kwa ukamilifu zaidi, na akayaruhusu maelezo ya siku hizo. Ya mwanzo hayakuingia. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka muione: hakuibeba serikali, na wala hakuikomoa. Upekuzi wa nyumba ya el-Hage mjini Nairobi mwaka 1997, uliofanywa bila hati ya jaji wa Marekani, aliukubali, kwa hoja kwamba ukusanyaji wa habari za kijasusi nje ya nchi una kanuni zake. Wakili wa utetezi aliyeshangilia uamuzi juu ya ile karatasi hakuwa na la kushangilia hapo.

Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ilipopitia kesi nzima, ilisema kwamba karatasi ile ya Nairobi ilitosha, yaani Sand alikuwa mkali kuliko ilivyohitajika. Hukumu za hatia zikasimama. Mnaona? Kwa madiwani wa Yonkers aliambiwa amewabana mno, na kwa makachero pia aliambiwa amewabana mno. Kwangu, kuwabana mno wenye madaraka ni kosa ninaloweza kumsamehe jaji yeyote.

Mei 29, 2001 jopo la raia kumi na wawili liliwatia hatiani washtakiwa wote wanne kwa mashtaka yote 302. Jopo hilo si kama wazee wa baraza tuliowazoea, ambao kazi yao ni kumshauri jaji. Wale kumi na wawili ndio wenye neno la mwisho juu ya hatia, na pia juu ya kifo.

Siku moja kabla, Mei 28, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikuwa imetoa uamuzi wake. Khalfan alikamatwa Cape Town mwaka 1999 na akakabidhiwa haraka kwa Wamarekani. Mahakama ile ikasema kwamba serikali yake ilivunja katiba kwa kumtoa bila kwanza kupata ahadi kwamba hatauawa, na ikaamuru nakala ya uamuzi ipelekwe upesi kwenye mahakama ya New York. Majaji wa Johannesburg waliiambia serikali yao hapana, kwa ajili ya mtu waliyejua anashtakiwa kwa uovu mkubwa. Wanasheria wa Afrika tuna haki ya kujivunia siku ile.

Al-'Owhali na Khalfan walikuwa wanakabiliwa na adhabu ya kifo. Jopo likasikiliza wajane, wazazi na walionusurika kutoka Nairobi na Dar es Salaam wakieleza walichopoteza. Kisha wakajifungia. Hawakuweza kukubaliana wote kumi na wawili, na bila kauli moja hakuna kifo. Katika kesi ya al-'Owhali wengi wao waliandika kwamba kumwua kungemfanya shahidi aliyeifia imani machoni pa wafuasi wake. Yule aliyeanza kazi chini ya jaji wa akina Rosenberg, nusu karne baadaye, hakulazimika kutamka adhabu ile katika jengo lile.

Alitamka kifungo cha maisha bila kuachiliwa, kwa wote wanne, Oktoba 18, 2001. Wiki tano kabla, minara ya New York ilikuwa imeangushwa hatua chache kutoka pale, na kifusi kilikuwa bado kinafuka moshi. Hasira ya nchi nzima ilikuwa juu. Lakini kesi ile ilikuwa imekwisha kusikilizwa hadharani, kwa ushahidi, na mawakili waliolipwa na serikali kuwatetea washtakiwa. Muda mfupi baadaye nchi ileile ilianza kuwapeleka watu kwenye gereza la kijeshi la Guantánamo na kutaka kuwahukumu kwa tume za kijeshi ambazo miaka mingi baadaye zilikuwa bado zinasuasua. Kesi ya Nairobi na Dar es Salaam ilichukua miezi tu. Atakayewaambia kwamba mahakama ya kawaida haiwezi kesi za ugaidi, mpeni jalada la Sand asome.

Jaji Sand alifariki Desemba 2016 akiwa na miaka 88.

Vijana, Jumatatu mtagawiwa majalada. Mengi yatakuwa na maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa yaliyoandikwa na polisi baada ya kumwonya juu ya haki zake. Sheria yetu inataka mtuhumiwa ahojiwe ndani ya saa nne tangu akamatwe, isipokuwa muda uwe umeongezwa kwa utaratibu. Kabla hujasoma alichokiri, tafuta saa aliyokamatwa na saa maelezo yalipoanza kuandikwa. Angalia kama alielezwa kwamba anaweza kumwita wakili au ndugu, na kwa maneno gani. Kama muda umepita, au maneno yale yanafanana na ile karatasi ya Nairobi, mwandikie mkuu wako dokezo siku hiyohiyo, kabla askari yeyote hajapanda kizimbani kutoa ushahidi. Akikuuliza kwa nini unaufanyia kazi upande wa utetezi, mwambie aje aniulize mimi.

Mheshimiwa mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi hii. Naona mikono imeshaanza kuinuka huko nyuma, karibuni maswali.